Kuta za Saruji na Sauti ya Mwimbaji

Zamani mwimbaji wa pwani aliyetaka sauti yake ihifadhiwe katika sahani ya santuri hakuwa na budi kuifuata mashine ilipo. Ndivyo alivyofanya Siti binti Saad na wenzake mwaka 1928 walipovuka bahari kwenda Bombay, na ndivyo walivyofanya, miongo kadhaa baadaye, wanamuziki wa bendi za Dar es Salaam walioingoja zamu yao katika studio za redio ya taifa. Leo mashine ndiyo inayomfuata mwimbaji chumbani kwake, kwani kompyuta moja, kifaa kidogo cha kuingizia sauti na maikrofoni ya bei ya wastani vyatosha kuinasa sauti kwa usafi ambao mafundi wa enzi zile wangeutamani. Lakini studio zile hazikuwa mashine peke yake. Zilikuwa pia vyumba vilivyotengenezwa kwa ajili ya kusikiliza, na hicho ndicho kitu ambacho hakikuhama pamoja na mashine.

Matokeo yake ni mkanganyiko mkubwa. Anayeuliza afanye nini ili sauti yake isitoke kama iliyorekodiwa bafuni huambiwa na huyu abandike trei za mayai ukutani, na yule humshauri anunue sponji. Wa tatu humhakikishia kwamba maikrofoni ghali itaumaliza udhia wote, ilhali wa nne humwambia asihangaike hata kidogo, maadamu siku hizi zipo programu za kusafisha kila kitu baadaye. Kila shauri lina chembe ya ukweli, na kwa sababu hiyo limedumu. Taksiri yake ni kwamba hutolewa bila kutajwa linakusudia kuondoa shida ipi. Fedha nyingi za vijana zimepotea kwa njia hiyo, na la kusikitisha zaidi ni kwamba nyimbo nzuri zimepotea pamoja nazo.

Kuzuia na kufyonza

Asili ya mkanganyiko ni kuchanganywa kwa haja mbili zilizo mbali kabisa. Haja ya kwanza ni kuizuia sauti isipite: pikipiki za barabarani na jenereta la jirani zisiingie, na ngoma ya mwenye chumba isitoke nje kuwaudhi waliolala. Haja ya pili ni kuituliza sauti iliyomo humo humo chumbani, isigonge ukuta na kuirudia maikrofoni mara baada ya mara. Kinachozuia ni uzito na kuzibika. Ukuta mzito usio na ufa hupitisha kidogo, na kila uzito wake unapoongezwa maradufu, sauti inayopita hupungua kwa kadiri ya desibeli 6. Kinachofyonza ni kitu chepesi chenye vinyweleo vilivyofungukiana, ambamo hewa inayotetemeka huingia, ikasuguana na nyuzi, na nguvu yake ikageuka joto dogo lisilohisika. Kwa hiyo sponji, hata iwe nzuri namna gani, huiachia sauti ya pikipiki ipite karibu yote, na ukuta wa tofali za saruji, ambao umeizuia pikipiki vizuri, humrudishia mwimbaji karibu kila kilichotoka kinywani mwake.

Katika nyumba za kawaida za miji yetu, haja ya kwanza imekwisha kutimizwa nusu bila ya mtu kukusudia, kwani tofali zetu ni nzito. Udhaifu uko katika madirisha ya vipande vya vioo visivyofunga sawasawa, katika mlango mwembamba wa plaiwudi, na katika matundu ya hewa yaliyoachwa juu karibu na dari. Hesabu ya jambo hili ni kali kuliko watu wengi wanavyodhani: tundu lenye ukubwa wa asilimia 1 tu ya ukuta huushusha uwezo wa ukuta mzima hadi desibeli 20, hata kama sehemu nyingine yote ni zege tupu. Mpira wa kuziba chini ya mlango, ambao ni kitu rahisi dukani, waweza kuwa na faida kuliko tabaka zima la mbao linalopigiliwa ukutani huku upenyo ule wa chini ya mlango umeachwa wazi.

Hesabu ya Sabine na mipaka yake

Aliyeitoa elimu ya haja ile ya pili, ya kutuliza sauti chumbani, katika dhana na kuitia katika vipimo ni Wallace Sabine, mwalimu kijana wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ambaye mwaka 1895 alitakiwa kuutafutia dawa ukumbi wa mihadhara wa jumba la Fogg, ambamo neno moja lilidumu hewani kiasi cha sekunde 5 na nusu, hata mhadhiri akawa amekwisha kutamka maneno mengi kabla lile la kwanza halijazimika. Nyakati za usiku, mji ulipotulia, yeye na wasaidizi wake waliyachukua matandiko ya viti kutoka ukumbi wa jirani wa Sanders, wakayapanga humo machache machache, wakapiga filimbi ya kinanda yenye mitetemo 512 kwa sekunde, wakapima muda wa sauti kufifia. Kisha matandiko yakarudishwa kwao kabla ya kupambazuka. Kaida iliyotoka humo ingali inatumika: muda wa mwangwi, kwa sekunde, ni ujazo wa chumba kwa mita za ujazo ukizidishwa kwa 0.161, kisha ukagawanywa kwa jumla ya mita za mraba zinazofyonza.

Tukichukue chumba cha mita 3.5 kwa 3.5, chenye urefu wa mita 3 kwenda juu, kilichopigwa lipu na kutandazwa vigae, bila ya kitu ndani. Ujazo wake haufiki mita za ujazo 37, na kuta, dari na sakafu kwa pamoja ni mita za mraba 66 na nusu. Lakini kwa kuwa saruji na vigae hufyonza kama sehemu 3 tu katika 100 za sauti inayovigonga, eneo lote hilo lina thamani ya mita za mraba 2 za ufyonzaji. Jawabu ni karibu sekunde 3, muda unaofaa kanisa kubwa la mawe, ilhali chumba kidogo cha kurekodia hutakiwa kiwe baina ya sekunde 0.2 na 0.4. Mwenye chumba asiyekuwa na habari ya hesabu hii aweza kuijua hali yake kwa kupiga kofi moja la nguvu akiwa amesimama katikati: akisikia mlio mkavu unaokatika, kuna nafuu, akisikia mtiririko wa milio midogo ya haraka inayopokezana baina ya kuta mbili, basi ajue kwamba kila silabi atakayoimba itafuatwa na mkia wa namna hiyo hiyo.

Hata hivyo kaida ya Sabine ilizaliwa katika kumbi kubwa, na katika vyumba vidogo haielezi shida iliyo nzito kuliko zote, yaani besi. Katika hewa yenye joto la nyuzi 30, sauti husafiri karibu mita 350 kwa sekunde. Mtetemo wa hezi 1,000, yaani wa mara 1,000 kwa sekunde, una urefu wa sentimita 35, lakini ule wa hezi 50 una urefu wa mita 7. Umbali wa mita 3.5 baina ya kuta mbili ni nusu barabara ya mita 7, kwa hiyo mtetemo huo hujipanga baina ya kuta na kusimama, ukivuma kwa nguvu kando ya ukuta na kutoweka kabisa katikati ya chumba. Kwa kuwa chumba chetu ni cha mraba, kuta mbili nyingine zinarudia kosa lile lile kwenye mtetemo ule ule, na dari inaongeza jingine karibu na hezi 58. Hapo ndipo zinapotoka nyimbo zinazonguruma studio na kukonda kwenye daladala: aliyechanganya muziki alikuwa ameketi mahali ambapo chumba kilimdanganya, akapunguza besi isiyokuwamo katika wimbo au akaongeza ile iliyokuwamo tayari.

Rai ya kwanza: trei na sponji

Wanaoshikilia kubandika vitu ukutani wana hoja ambayo haifai kudharauliwa. Wameifahamu kazi ya ukuta mtupu, wanatafuta dawa kwa bei wanayoimudu, na kwa kweli sponji ikibandikwa kwenye kuta zinazokabiliana huikata ile milio midogo ya kupokezana. Chumba hupata pia sura ya studio, na mwimbaji anayeingia humo huwa na imani zaidi. Hilo nalo lina uzito wake katika kazi ya sanaa.

Udhaifu wa rai hii uko katika unene. Kitu chenye vinyweleo hufanya kazi pale tu ambapo kina kina cha kutosha kulinganishwa na urefu wa mtetemo, na sponji ya sentimita 3 huweza kufyonza vizuri sauti za juu tu, zile zinazobeba herufi za "s" na "sh" na mng'aro wa nyuzi za ala ya kanuni, huku ikiziacha sauti za kifuani na besi yote zikiranda kama kawaida. Chumba kilichovikwa sponji nyembamba pande zote ndicho kibaya kuliko vyote, kwani huwa kimekufa juu na kinanguruma chini, na mwimbaji hutoka humo na sauti nzito isiyokuwa na uhai ambayo hakuna programu inayoweza kuinyanyua. Trei za mayai ni dhaifu zaidi, maana ni karatasi iliyoshindiliwa, nyembamba na ngumu. Kinachopungua ni kidogo, na umbo lake la vilima huwahadaa watu wakadhani kwamba sauti imetawanywa.

Kuna tena jambo la moto, ambalo halina mzaha. Mwaka 2003, katika mji wa West Warwick, Marekani, watu 100 walikufa baada ya fataki za jukwaani kuwasha sponji iliyobandikwa ukutani. Mwaka 2013 huko Santa Maria, Brazil, sponji ya darini ilishika moto kwa namna hiyo hiyo, na waliokufa walikuwa 242. Sponji ya magodoro isiyotiwa dawa ya kuzuia moto huwaka kwa kasi na kutoa moshi wa sumu, na karatasi za trei nazo ni kuni tayari. Chumba chenye mlango mmoja, waya za umeme zilizosongamana na dirisha lililozibwa hakifai kupambwa kwa vitu hivyo, hata kama vingefyonza sauti kuliko vyote duniani.

Rai ya pili: maikrofoni na programu

Kundi la pili linasema chumba hakina haja ya kuguswa. Nguvu ya hoja yake ni umbali: mwimbaji akisogea kutoka sentimita 30 hadi 15, sauti yake ya moja kwa moja huongezeka kiasi cha desibeli 6, ilhali mwangwi wa chumba hubaki ulivyokuwa. Maikrofoni inayosikia zaidi upande wa mbele na kuupuuza mgongo wake, ikielekezwa ili mgongo huo utazame ukuta ulio mbaya zaidi, huleta nafuu kubwa bila ya shilingi moja kutumika. Kwa mwimbaji mmoja wa Bongo Fleva, anayeimba karibu na maikrofoni juu ya mdundo uliotengenezwa kwenye kompyuta, njia hii inatosha karibu nusu ya safari.

Nusu iliyobaki ndiyo inayowashinda. Ukaribu uliopita kiasi huivimbisha besi ya sauti katika maikrofoni za namna hii, na kila pumzi na kila mate hunaswa. Udi haupendi kusikilizwa kutoka sentimita 10, kwani sauti yake hujikusanya mbele ya kifua cha chombo baada ya kupata nafasi. Kanuni vivyo hivyo, seuze kikundi cha waitikiaji sita wa kasida. Fauka ya hayo, muziki wa leo hupitishwa katika kompresa, chombo kinachobana sauti kubwa na kuinyanyua ndogo, na katika kuinyanyua ndogo huunyanyua pia ule mkia wa chumba ambao msikilizaji hakuutambua wakati wa kurekodi. Hii ndiyo sababu chumba huonekana kimeharibika siku ya pili, wakati wa kuchanganya. Programu za kuondoa mwangwi zimeendelea sana na zinafaa kwa mazungumzo. Katika uimbaji wa taarabu, ambao uzuri wake unakaa katika mtetemeko wa koo na miisho ya maneno inayofifia polepole, programu hizo hukata mwangwi pamoja na kile kile kilichotakiwa kuhifadhiwa. Maikrofoni ghali nayo si dawa: kadiri inavyosikia vizuri ndivyo inavyokisikia chumba.

Rai ya tatu: chumba ndani ya chumba

Mafundi waliosomea kazi hii hutaka kijengwe chumba kingine ndani ya kile cha kwanza, chenye sakafu iliyoelea juu ya mpira, kuta mbili za jipsamu zisizogusana na zile za nje, na milango miwili inayofuatana. Kisayansi wana haki, na kwa anayerekodi ngoma za kweli katika mtaa wa nyumba zilizobanana hakuna njia nyingine ya kudumu.

Lakini gharama yake haiishii katika fedha. Chumba cha mita 3.5 kikipoteza sentimita 20 kila upande huwa kidogo zaidi, na besi yake huwa ngumu zaidi kutuliza. Mpangaji hana ruhusa ya kujenga. Kisha kuna joto letu la pwani, ambalo vitabu vya nchi za baridi havilipi uzito unaostahili: mtu aliyeketi hutoa joto la wati 100 hivi, kompyuta huongeza lake, na chumba kilichozibwa kila upenyo hakina pa kulitoa, baada ya saa moja mwimbaji anatoka jasho, udi unapoteza mlinganyo wa nyuzi, na mlango unafunguliwa. Kiyoyozi kikiwashwa huleta mvumo, na njia za hewa zilizofichwa na kupindwapindwa ili zisipitishe sauti ni kazi kubwa kuliko kuta zenyewe. Anayejenga bila ya kuzifikiria amejenga chumba kisichotumika mwezi wa Februari.

Rai ya nne: vya nyumbani

Wapo, mwisho, wanaotumia kilichomo nyumbani, na hawa nadhani wamedharauliwa kuliko walivyostahili. Godoro la sufi la sentimita 15 likisimamishwa nyuma ya mwimbaji lina kile ambacho sponji nyembamba haina, yaani kina. Sufi na nyuzi za makumbi ya nazi ni vitu vyenye vinyweleo, na wataalamu wamevipima vyote viwili na kuviona vinafyonza, ingawa makumbi hutaka unene mkubwa zaidi au nafasi ya hewa nyuma yake. Kabati la nguo lililofunguliwa hufanya kazi hiyo hiyo. Zulia, kwa upande mwingine, hutegemewa kupita uwezo wake, kwa kuwa ni jembamba, na kazi yake huishia kwenye sauti za juu.

Udhaifu wa vitu hivi ni unyevu, kuvu na mchwa, na sufi nayo hushika moto upesi, basi isiwekwe karibu na waya wala taa. Kadhalika si kila kilaini kinafyonza. Kipimo ni pumzi: kitu kikiwekwa mdomoni na hewa ikapita kwa kuzuiwa kidogo, kinafaa, isipopita kabisa, kama katika sponji za kufungia vyombo, hakifai, na ikipita bila ya upinzani wowote, kama katika chandarua, hakifai vile vile. Kipimo hicho hicho huamua nguo ya kufunikia: kanga na gunia hupitisha, turubai halipitishi.

Watu wa Mji Mkongwe na Lamu huuliza kama nyumba za mababu si bora zaidi. Zina sifa na zina kasoro. Kuta zake nene za mawe na chokaa huzuia kelele vizuri mno. Upana wa vyumba uliwekewa mpaka na urefu wa boriti, kwa hiyo vingi ni virefu na vyembamba, na mitetemo ya urefu haigongani na ile ya upana kama katika chumba cha mraba. Na pale ambapo zidaka zingalipo, hutawanya sauti za juu badala ya kuzirudisha kwa mkupuo, kazi ambayo Manfred Schroeder aliitungia hesabu katika miaka ya 1970. Lakini chokaa laini iliyopigwa vizuri bado hurudisha sauti, na ukaribu wa kuta mbili ndefu huirudishia maikrofoni mwangwi wa mapema. Ni vyumba vizuri vya kuanzia, navyo vyataka kazi.

Kupima na kupanga

Nikizipima rai hizi nne, naona kosa la tatu za kwanza ni kuanza mahali pasipo pa kuanzia. Jambo la kwanza halina gharama: kuchagua chumba kisicho cha mraba na kisichotazama barabara, na kuchagua pa kukaa ndani yake. Anayechanganya muziki aepuke katikati kabisa na aepuke ukuta. Kiasi cha asilimia 38 ya urefu wa chumba kutoka ukuta wa mbele ni pa kuanzia, kisha asogee huku akipiga mlio mmoja mmoja wa besi na kusikiliza ni mahali gani haurukiruki. Mwimbaji naye asimame na vitu vya kufyonza nyuma yake, kwa kuwa maikrofoni inatazama huko.

La pili ndilo linalostahili fedha: paneli chache nene. Fremu ya mbao ya sentimita 60 kwa 120, iliyojazwa sentimita 10 za sufi ya mawe au pamba ya kioo, ikafunikwa kanga na kuachiwa nafasi ya sentimita 10 nyuma yake, ni kazi ya siku moja kwa seremala yeyote. Nyuzi hizo haziungui, lakini huwasha ngozi na mapafu, basi zishikwe kwa glavu na barakoa na zifungwe vizuri. Paneli 12 za namna hiyo zina eneo la mita za mraba 8.6, na chumba chetu cha sekunde 3 hushuka hadi zaidi kidogo ya nusu sekunde, kabla hata kitanda na nguo havijahesabiwa. Zianze pembeni ambako kuta zinakutana, maana besi hurundikana huko, kisha kwenye kuta za kando na darini. Mahali pa kando huonekana kwa kioo: mwenzako akikisogeza ukutani na wewe ukaona spika humo ukiwa umeketi, hapo ndipo paneli inapotakiwa.

Baada ya hapo ndipo ukaribu wa maikrofoni unapoleta faida yake kamili, na mpira wa mlango na wa madirisha hufuata. Ujenzi wa chumba ndani ya chumba ubaki kwa wenye ngoma na wenye majirani wakali. Mvua juu ya bati haina dawa kwa bei ya nyumbani, hungojewa ipite. Pikipiki hupungua baada ya isha, na anayeweza kurekodi saa hizo amepata bure kile ambacho wengine wanakijengea.

Tahadhari moja nyingine ni kutopita kiasi. Kikundi cha kasida au taarabu husikilizana kwa msaada wa chumba, na waitikiaji waliowekwa mahali palipokufa kabisa huimba kwa kusitasita na kupoteza lahani. Kwa sababu hiyo paneli zenye miguu zinafaa kuliko zilizogongomelewa: huzungushiwa mwimbaji wa peke yake, huondolewa wanapoingia watu wa dumbak na fidla, husogezwa ili dirisha lifunguliwe na feni iwashwe baina ya wimbo na wimbo, na mpangaji akihama huzipakia garini pamoja na kitanda.